Neno la Dalali Msabah

Mume wangu Msabah ni dalali wa mnada, na dalali si mtu anayesifiwa sana mjini kwetu. Watu humdhania ana ulimi wa mafuta, kwamba anaweza kukuuzia feni iliyokufa akakwambia imepumzika tu. Msabah hakuwa hivyo, na nalisema hili mimi ambaye sina kawaida ya kumsifia mtu bure, na mume wangu hasa. Pale uwanjani Mwanakwerekwe aliuza makabati, saa za ukutani, masufuria ya shaba, vitu vya watu waliohama au waliokufa, na kila kitu alikinadi kwa neno moja kati ya mawili. Kama hakukikagua kwa mikono yake alisema "nimeambiwa." Nimeambiwa friji hii inagandisha, nimeambiwa mbao hii ni mvule. Hapo mnunuzi alijua kwamba anajaribu bahati yake. Lakini kama amekipindua, amekigonga na kukinusa, alisema "nimeiona," na hakuna aliyeinama kutazama tena. Hata kitanda alikiita nimeiona, kwa sababu alikusudia mali. Watu walimcheka kwa sarufi yake ila neno lenyewe hawakulifanyia mzaha.

Mitaani akaitwa Bwana Nimeiona. Nami nikiingia harusini nilipishwa nafasi ya kukaa, nikaulizwa hali yake, nikajibu kwa kujidai kidogo. Nani asingejidai? Wenzangu walikuwa na waume wenye majumba Shangani na madeni mpaka kwenye kofia. Mimi nilikuwa na mume ambaye neno lake lilikuwa pesa taslimu.

Mwaka 2007 akaja Sami, mtoto wa ami yake Msabah, mtu mzima wa miaka arubaini na kitu aliyekuwa akikata tiketi za ndege Malindi. Alikuwa na habari ya mpango wa kwenye intaneti. Unaweka dola zako, alisema, na kampuni iliyoko Dubai inanunua mali kwa jumla, mazulia, televisheni, simu, kisha inayauzia maduka, na faida mnagawana kila mwezi. Wewe huendi bandarini, huhangaiki na ushuru, unakaa kwako. Ukitaka kujua mali yako imefika wapi unafungua ukurasa wako kwenye kompyuta, unaikuta pale na picha yake, imeuzwa au bado. Na kikubwa, alisema Sami, hii si riba. Pesa haizai pesa peke yake. Hapa kuna bidhaa inanunuliwa na kuuzwa, nayo ni biashara ya halali kama ya duka lolote.

Maneno hayo yaliwaingia watu wa Jang'ombe. Wengi wao akiba zao zilikaa kwenye makopo na chini ya magodoro kwa kuogopa benki na riba yake, na hapa wanaambiwa kuna njia ambayo haina dhambi wala jasho. Lakini Sami ni Sami. Ana maneno matamu tangu utotoni na kila aliyekua naye anamjua. Wakamsikiliza, wakatazamana, wakasema kama kuna mali ya kutazamwa, basi aitazame Msabah.

Aliyekuja kumwomba kwa mdomo wake alikuwa Bi Tamima, mjane wa marehemu kaka yake Msabah. Bi Tamima alikuwa akishona kofia, na kwa kofia hizo alimlea binti yake Rukaiya mpaka akachumbiwa. Baba wa mtoto keshatangulia, kwa hiyo walii wa Rukaiya ni ami yake, yaani Msabah. Yeye ndiye atakayekaa mbele ya bwana harusi na kutamka neno la kumwozesha. Bi Tamima alikaa kwenye mkeka wangu akasema ana senti zake kidogo na ana bangili za mama yake, na harusi inataka mambo. Shemeji akitazame kitu hicho kwanza. Akikikubali, ataweka.

Msabah akavaa miwani akaenda na Sami kwenye duka la intaneti pale Mlandege, akakaa asubuhi nzima. Sami alitusimulia baadaye kwa kucheka. Mzee aliivuta kila picha mpaka ikawa vipande vipande vya rangi. Aliuliza bei ya jumla ya kila kitu na bei ya kuuzia, akapiga hesabu kwenye karatasi ya sigara, akasema naam, zulia la kiasi hiki huko linapatikana kwa bei hii, na hapa faida hii inapatikana, hawajasema uongo. Kuna zulia moja jekundu la Kiajemi lililopigwa picha kona imekunjika, na chini ya mkunjo kiraka kinaonekana. Msabah akasema aliyelitandaza ni mvivu, ila zulia ni zuri.

Hakuuliza ghala liko mtaa gani. Hakuuliza nani amewahi kulikanyaga, wala nani alinunua, wala kwa nini mtu mwenye faida ya namna hiyo amtafute mshona kofia wa Jang'ombe amgawie. Nimelifikiria jambo hili mpaka kichwa kikaniuma, na jibu nililolipata ni moja tu. Maisha yake yote mali ilikuwa mbele yake, imekaa chini, ina uzito na vumbi lake. Alizoea kujiuliza kama kitu ni kizima au kibovu. Kujiuliza kama kipo, hilo halikuwahi kumpitia akilini.

Alirudi adhuhuri. Wanaume walikuwa wamekaa barazani kwetu wakimngoja, na mimi nilikuwa ndani nakaanga samaki, dirisha liko wazi. Mmoja akamuuliza, vipi? Akavua viatu, akakaa, akasema, "Nimeiona."

Nikalisikia, na nikafurahi. Nilijua kabla ya sala ya Alasiri litakuwa limefika kila nyumba.

Mpaka leo Msabah husema alikusudia kwamba ameitazama tu, kwa macho, kwenye kioo. Na ni kweli aliitazama. Lakini mtu mwenye neno kama lile hana ruhusa ya kulitumia kwa maana ya watu wa kawaida, na nilishamwambia hivyo, tena si kwa upole.

Watu wakaweka. Mkadam muuza samaki akaweka, walimu wakaweka, kina mama wakavunja upatu wao wakaweka. Bi Tamima akaweka zile senti, bangili akazibakisha kwanza. Sisi wenyewe tuliweka kidogo kwa sababu hatukuwa na kikubwa. Na faida ikaja kweli, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tulikuwa tukiletewa halua na visheti mlangoni kama tumepata mtoto. Msabah akipita, watu wazima walimpa shikamoo waliokuwa hawana sababu ya kumpa, naye akiitikia marahaba huku anatazama chini kwa haya, maana hakuzoea.

Siku moja Bi Tamima akamwomba amtazamie ukurasa wake, ajue mali yake imeuzwa au vipi, kwa sababu ameamua kuuza bangili na kuziweka zote kabla ya harusi. Msabah akaenda Mlandege na Sami. Wakafungua ukurasa wa Bi Tamima na wakakuta zulia, limeuzwa, faida hii hapa. Lilikuwa jekundu, kona imekunjika, kiraka chini ya mkunjo. Msabah akamwambia Sami fungua wako. Wakafungua. Zulia lile lile, limeuzwa mwezi uliopita kwa duka jingine. Fungua wa Mkadam, maana Sami ndiye aliyekuwa akiwafungulia wote na nywila zao anazo. Lile lile. Sami akasema labda wana mengi yanayofanana. Msabah akamwambia viwanda hufuma mazulia yanayofanana lakini havifumi viraka vinavyofanana.

Jicho lake lilikuwa bado ni jicho la dalali. Lilichelewa tu.

Alirudi nyumbani akasema ana homa. Nikamchemshia mchaichai. Kesho yake hakwenda mnadani, na keshokutwa yake pia, na homa yenyewe kila nikimgusa siioni. Nikamkalia kitako. Ndipo akasema, huku ananipa mgongo, "Kidawa, zulia ni moja."

Sikufahamu, akanifahamisha. Hakuna mali. Kuna picha. Faida tuliyokuwa tukiila ni pesa ya aliyeingia nyuma yetu, na halua tuliyoletewa ni ya pesa hiyo. Nilihisi uso wangu unawaka moto mle chumbani, hakuna wa kunitazama isipokuwa mume wangu, naye hanitazami. Nikakumbuka kila nyumba niliyopishwa nafasi ya kukaa.

Nikamuuliza kama Bi Tamima keshauza bangili. Akasema bado, wiki hii. Nikamwambia basi vaa kanzu uende sasa hivi. Akasema ataenda akipata nguvu. Nguvu gani? Nguvu ya kufungua mdomo? Alisema hajui atamtazama vipi mke wa kaka yake, na mtoto ambaye yeye ndiye walii wake. Nikamwambia watu watatutukana, na watachoka, lakini bangili hazitarudi. Siku nzima ikapita kwa maneno hayo. Siku ya pili asubuhi akaoga, akavaa kanzu ya Idi na kofia mpya, akajitia manukato kama anakwenda kuposa. Hapo ningelijua. Mtu anayekwenda kusema nimekosa hajipambi hivyo.

Hakukawia kurudi. Nikamuuliza amemwambia? Akajibu amemwambia. Nikamshukuru Mungu, nikaenda sokoni nimetulia kwa mara ya kwanza tangu homa ile ya uongo.

Baada ya siku mbili Bi Tamima akabisha hodi na sahani ya mkate wa kumimina, uso wake unameremeta. Nikampokea sahani. Mikono yake ilikuwa mitupu, alama za bangili zimebaki nyeupe kwenye ngozi.

Alikuja kushukuru. "Shemeji kaja mpaka nyumbani kunambia soko limelegea, ningoje kidogo," alisema. "Akaona haya kuniharakiza, si unamjua alivyo. Lakini mie nikamfahamu. Mali ikiwa rahisi ndo mtu anunue, si ndo anavyotufunza mwenyewe? Nikenda kwa sonara siku ile ile. Zote nshazituma."

Msabah alikuwa chumba cha ndani na mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia akijigeuza kitandani.

Soko limelegea. Huo ndio ukweli aliouvalia kanzu ya Idi. Alishindwa kutamka nimekosea, akatafuta neno lisilomchafua, na neno alilolipata kwa mtu aliyefundwa naye lilikuwa na maana ya nunua upesi. Nilimsubiri atoke. Hakutoka. Nikamwambia Bi Tamima mimi, nimesimama na sahani yake mkononi, tangu zulia mpaka kiraka, sikubakisha. Hakulia. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Alipokuja kwangu, alikuwa keshajua?"

Nilitamani kusema sijui. "Alikuwa keshajua," nikasema.

Akavaa viatu vyake. Tulikwenda na Sami mbio mpaka kwenye duka la kutuma pesa, tukaambiwa zimeshachukuliwa huko zilikokwenda. Haukupita mwezi, ukurasa ukawa haufunguki tena, wa Bi Tamima wala wa mtu yeyote, na nambari ya simu ya kampuni ikawa inaita tu.

Mtu angedhani watu watakuja kutupiga mawe. Wala hawakuja. Mkadam alinipimia samaki kama kawaida, ila alinipimia huku anazungumza na mteja mwingine. Barazani Msabah akitokea, mazungumzo yalihamia kwenye mpira. Salamu tulipewa zote, tena kwa adabu, na baada ya salamu hapakuwa na kitu. Harusini nilikaa mlangoni, karibu na viatu, na sikusubiri mtu anioneshe kwamba hapo ndipo pangu. Ningependa zaidi kutukanwa. Aliyetukanwa ana la kujibu.

Naye Msabah akarudi mnadani na dawa yake mwenyewe. Neno la nimeiona akaliacha. Kila kitu kikawa nimeambiwa, hata kigoda alichokuwa amekikalia muda huo huo. Nimeambiwa kigoda hiki kizima, anasema, na yeye ndiye anayeinuka juu yake. Watu wakacheka siku ya kwanza. Bei zikaanguka, na wenye mali wakaanza kupeleka vitu vyao kwa madalali wengine. Yeye aliona anajiadhibu, na nadhani ilimpa raha fulani. Mimi niliona ni kile kile cha kanzu ya Idi. Bado alikuwa anajishughulisha na uso wake, na wanaopata hasara ni wengine.

Wiki mbili kabla ya ndoa ya Rukaiya, likafika uwanjani gari la ng'ombe limebeba kitanda cha samadari. Nilikitambua kabla halijasimama. Ni kitanda alichoingia nacho Bi Tamima nyumbani kwa mumewe, na mama yake aliingia nacho kabla yake, miguu ya kuchongwa, vioo vya maua kichwani. Siku ile nilikuwa nimempelekea Msabah chakula. Bi Tamima alitembea nyuma ya gari amejitanda buibui yake, akaamuru kiteremshwe mbele ya dalali aliyempotezea bangili. Madalali wengine watatu walikuwa pale pale, hakuwatazama.

Msabah akakikagua. Sijapata kumwona anakagua kitu namna ile. Aliingia chini yake kwa mgongo, akapitisha vidole kwenye kila ungio, akagonga miguu, akapangusa vioo kwa ncha ya kanzu. Makungu, anayenunua vitu vya kale kwa ajili ya maduka ya wageni, alikuwa mbele ya watu, anangoja. Msabah akainuka, mgongo wote vumbi.

"Nimeambiwa," akaanza, "kitanda hiki ni cha mbao ya msaji mtupu."

Watu wakalegea. Makungu akataja bei ya kununulia kitanda cha chuma. Hakuna aliyeongeza. Msabah alikuwa anatazama ardhi, nami nilijua anaona anafanya haki. Bi Tamima akatoka upande wa wanawake akapita katikati ya wanaume mpaka mbele yake. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia.

"Shemeji, aibu yako nshailipia mara moja kwa bangili za mamangu," alisema. "Leo wanilipisha tena kwa kitanda chake. Huzuni yako siitaki, sina pa kuiweka. Umeiona au hukuiona?"

Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake. Msabah akainua macho kutoka ardhini. Sauti yake ikatoka imekwaruza.

"Nimeiona."

Na hapo Makungu, aliyekuwa akinunua kwa neno lile tangu ujana wake, akapiga magoti vumbini. Akaingiza kichwa chini ya kitanda, akagonga mguu mmoja baada ya mwingine kwa kifundo cha kidole, akavisugua vioo mwenyewe. Wengine wawili wakainama pia. Msabah akasimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kupekuliwa mifuko. Nikatazama upande mwingine, na hata huko niliona watu wanatazama upande mwingine. Walipomaliza kuona wenyewe, bei ikapanda, na kitanda kikauzwa kwa thamani yake.

Bi Tamima akapokea pesa zake kwa mkono wake, akazifunga kwenye pindo la kanga. Msabah akakataa kukata chake cha udalali na yeye akamwambia akate, haki yake. Akakata. Kisha Bi Tamima akasogea karibu, na safari hii alisema kwa sauti ndogo, tumsikie mimi na Msabah tu.

"Ndoa ni Ijumaa ya wiki ijayo baada ya Isha, msikitini," alisema. "Rukaiya ameniomba nikwambie, mwenyewe ameona haya kuja. Mpe sheikh uwakala aozeshe yeye. Mtoto hataki neno lile litoke kwako."

Msabah aliitikia kwa kichwa. Akasema naam, kesho asubuhi atakwenda kwa sheikh. Bi Tamima akaondoka na gari la ng'ombe likiwa tupu, na sisi tukaanza kukunja kamba za uwanja, yeye upande wake na mimi upande wangu.